Joho la Msemaji Fasaha

Sogeeni karibu, na anayesinzia afinywe.

Palikuwa na watu watatu wa mji mmoja. Faki alijua kutunga maneno, ila kigugumizi kilimtesa. Makame alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, ila la kusema hana. Bi Tumu alisikiliza kuliko alivyosema.

Siku moja wote watatu waliitwa na jirani yao Kombo, naye hakutulia hata kidogo. Mkewe, Mwanashehe, alikuwa amerudi kwao. Siku ya kwanza ya Ramadhani alipika futari, akatandika mkeka, akangoja; bwana akaenda kufuturu kwa mamake! Sasa baba mkwe ameleta salamu: ikiadhiniwa adhuhuri hajasikia neno la maana, anadai talaka ya binti yake.

"Atakayemrudisha kwa ufasaha wake," Kombo aliapa, "joho langu la harusi ni lake."

Faki akatunga maneno ya kuomba radhi, mazito na ya adabu. Wakaondoka wote wanne, Makame akiyakariri njiani. Kombo alifuata nyuma, jasho likimtoka, akilitazama jua.

Walipofika, Makame alisema mpaka mkwe akafuta machozi. "Maneno hayo yamenipoza," akasema, "na sauti hiyo imenifanya niyasikilize. Mimi nimesamehe. Mwenyewe je?"

Mwanashehe hakutoka nyuma ya pazia. Makame akataka kuanza upya, Bi Tumu akamshika mkono.

"Mwanangu," aliuliza taratibu, "ule mkeka uliukunja peke yako?"

Kilio kikasikika. "Peke yangu, bibi. Na chakula kilikuwa kimepoa."

"Nisamehe, mke wangu," Kombo alisema, naye analia. Adhana ilipoanza, Mwanashehe alitoka na buibui lake.

Nyumbani kwa Kombo, ugomvi wa joho ukazuka. "U-ufasaha ni maneno," alisema Faki, "na maneno ni ya-yangu."

"Yangebaki kifuani mwako!" Makame akamjibu. "Fasaha ni mwenye kuyafikisha."

"Mimi nimeuliza swali moja tu," alisema Bi Tumu, "nalo lilifika."

Kombo akamgeukia mkewe amsaidie. Mwanashehe alikuwa anatandika mkeka.

"Amua mwenyewe," akasema. "Utakayempa ndiye atakayenionyesha kama umeelewa kwa nini niliondoka, na kwa nini nimerudi."

Magharibi inakaribia, futari iko tayari, na Kombo bado amelishika joho. Haya, ninyi mlioketi hapa: mngekuwa yeye, mngemvisha nani?