Pini Iliyosahaulika Kwenye Nyota

Wahenga waliposema tahadhari kabla ya hatari, hawakuwa wamewahi kuona waya wa umeme. Hata hivyo, maneno yao yalimfaa sana mshonaji mmoja, ingawa siku hiyo alikuwa ametia masikio pamba.

Sikukuu ilikuwa inabisha hodi. Mshonaji alishona nyota ya kitambaa cheupe, pana kama mlango, akitaka iwake dirishani mwa duka lake. Wifi yake, fundi umeme, alimletea waya wenye taa ndogondogo za LED, pamoja na kiboksi cha kupunguza umeme hadi volti kumi na mbili.

"Wifi, hizi si taa, ni vimulimuli!" alifoka mshonaji. "Ninazo zangu za zamani, zinachomekwa moja kwa moja ukutani. Hizo ndizo zinazowaka!"

"Zinawaka, na zinaua. Umesahau una mtoto asiyeshika maneno lakini hushika kila kitu?"

"Fundi gani wewe, unaogopa umeme?"

"Nauogopa kwa sababu naujua."

Mshonaji alinuna, akakubali shingo upande. "Haya. Wateja wasipoliona duka, nguo zote utanunua wewe!"

Aliubana waya kwenye kitambaa kwa pini, kama afanyavyo kwa pindo la gauni, akaushona, kisha akachomoa pini zote. Alidhani zote.

Jioni, wifi akiwapo, nyota iliwaka, ikapendeza kweli. Kitinda mimba wake, aliyekuwa ametoka kuoga chumba cha nyuma, alichomoka mbio huku maji yakimchuruzika, akaikumbatia. Nyota ikazimika ghafla. Mshonaji alipiga yowe, akamkimbilia.

"Mama, nyota imelala," mtoto alisema akicheka.

Wifi alipapasa kitambaa, akachomoa pini moja iliyotoboa waya. Mtoto alipoikandamiza, iligusanisha nyaya za ndani, na kiboksi kikajizima chenyewe.

"Zingekuwa zile zako..." alianza wifi, asimalize.

Mshonaji alimkumbatia mwanawe akilia. Kisha alizitoa taa zake za zamani, akashika mkasi wake wa vitambaa, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukatia hata karatasi, akazikatakata nyaya.

"Utauharibu mkasi, wifi!"

"Mkasi nitaupeleka kunolewa. Mwanangu ningempeleka wapi?"

Naam, wahenga hawakukosea: tahadhari kabla ya hatari.