Jino la Somoe na Paa la Bati

Paukwa!

Pakawa!

Kinywani pana nini?

Pana ulimi!

Na ulimi unalindwa na nani?

Na meno!

Haya, mwenye pengo aweke kiganja mdomoni, maana Mjusi yupo ukutani anatusikiliza.

Hapo zamani za kale, si kale ile ya mawe kusema, ni kale ya juzijuzi tu, bati lilikuwa limeshafika, alikuwako mtoto wa kike akiitwa Somoe. Alikaa kijiji cha Mtondooni na wazazi wake na bibi yake mzaa baba. Nyumba yao iliezekwa makuti, na ndani ya makuti alikaa Panya. Panya mkubwa, meno meupe pe, mtu wa heshima zake. Mtoto wa nyumba ile aking'oka jino, alilitupa juu ya paa. Panya akalipokea, akaleta jipya. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu na babu.

Mwaka ule baba yake Somoe akashusha makuti, akaezeka bati. Weee! Mtondooni nzima hapakuwa na bati jingine. Jua likipiga, bati lang'aa, majirani wafumba macho. Baba Somoe akawa hapiti mlangoni kwa mtu bila kukohoa kikohozi cha kikubwa. "Ehem! Mimi sasa silali na panya!" Na salamu zake zikapungua. Nayasema haya kwa kuwa mmenikalisha wenyewe. Mimi umbea siujui.

Mtoto naye huiga. Siku Panya alipotoka na wanawe, mkia chini, Somoe alisimama uani, mikono kiunoni, akamwimbia:

"Panya, Panya, funga virago,
Bati hulitafuni hata kwa magego!"

Panya aligeuka, akamtazama Somoe mdomoni, akaenda zake.

Ukapita mwezi. Alasiri moja Somoe anatafuna muwa, mara, kret! Jino la mbele liko mkononi! Akaruka, akaruka tena, akakimbia mpaka kwa bibi yake.

"Bibi! Bibi! Limetoka!"

"Hongera, mke mwenzangu! Umekua! Sasa ziba mdomo, ziba upesi! Mjusi akiliona pengo, jino haliji. Na kabla jua halijatua, hilo jino liwe limepokewa. Lisipopokewa, utakuwa kama Mzee Shungi."

Mzee Shungi mnamjua. Jino lake la utoto alilitia mfukoni akaenda kuchezea majini, likapotea. Mpaka leo muhogo hautafuni, anaubembeleza.

Somoe akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Akaipa nyumba mgongo, akasema:

"Panya, Panya, chukua la uji, niletee la muwa!"

Akatupa. Kwa! Kra-ra-ra-ra-ra... ti! Jino likaviringika batini, likaanguka miguuni pake.

Akatupa mara ya pili, kwa nguvu. Kwa! Kra-ra-ra-ra-ra... ti! Miguuni pake.

Akatupa mara ya tatu, kwa nguvu zote, mpaka kanga ikamvuka. Kwa! Kra-ra-ra-ra-ra... ti! Jino likarudi, likatulia kama lililotumwa dukani likakuta pamefungwa.

Kunguru akatua ukingoni mwa bati. "Mwanangu, unahangaika nini? Nipe mimi hilo jino. Nitakuletea jipya kesho asubuhi."

Somoe akasema chini ya kiganja: "Kwanza fungua mdomo nione meno yako."

Kunguru akafungua mdomo. Mtupu! Mwekundu mtupu!

"Huna hata moja! Utanipa nini?"

"Haya, watoto wa siku hizi hawana adabu," akasema Kunguru, akaruka zake.

Mjusi naye alikuwa ukutani, kichwa juu, kichwa chini. "Shoga, mbona umeziba mdomo? Umemeza nzi?"

"Mm-mm."

"Basi cheka kidogo. Siku ya kung'oka jino ni siku ya furaha."

"Mm-mm!"

Mjusi akasimama kwa miguu ya nyuma. Akatoa tumbo mbele. Akatembea ukutani, huku na huku, akakohoa: "Ehem! Mimi sasa silali na panya!" Baba Somoe mwenyewe! Mwendo wake, shingo yake!

Wacha Somoe apasuke! Machozi yakamtoka, mbavu zikamuuma, lakini mkono haukubanduka. Mjusi akazidisha, akakohoa, akajicheka mwenyewe mpaka kucha zikaachia ukuta. Akaanguka pu, juu ya mbuzi ya kukunia nazi! Meno ya mbuzi yakamkata mkia. Mjusi huyoo, mbio, na mkia ukabaki pale peke yake ukicheza ngoma.

Lakini jua likawa linashuka. Bibi akatoka jikoni. "Mke mwenzangu, ulimfukuza nani kwa wimbo?"

Somoe akainama. "Panya."

"Basi Panya yuko jikoni kwa Bi Chausiku. Kimbia!"

Bi Chausiku ni jirani, muuza vitumbua na habari. Makuti ya jiko lake ndiyo Baba Somoe aliyoyaita manyoya ya kuku mgonjwa. Somoe akakimbia, akafika mlangoni hana pumzi.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, mtoto wa bati! Leo mmeshuka kwetu? Na huo mdomo, umenificha kitumbua?"

"Nimeng'oka jino. Namtaka Panya."

Bi Chausiku akacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. "Mwite basi! Ila wimbo wako ulifika huku siku ile ile, na mikono yake kiunoni!"

Somoe akaita mara tatu. Mara ya tatu Panya akachungulia makutini.

"Somoe yupi anayeniita? Wa makuti, au wa bati?"

Somoe akaingia jikoni, akasimama chini ya makuti.

"Niimbie basi ule wimbo. Watoto wangu waliupenda sana njiani, walivyokuwa wananyeshewa."

Somoe akaushusha mkono. "Panya, Panya, funga..." Akatazama jua, limebaki kama kipande cha papai. Akapiga magoti majivuni. "Nisamehe, Panya. Nilikucheka, na pengo langu nilikuwa nimelibeba mwenyewe mdomoni. Sikujua."

"Jino nitalipokea. Lakini jipya nilitie wapi? Nikapande bati la baba yako linichome makalio?"

"Jiko letu halijaezekwa bado. Nitamwambia baba aezeke makuti, ukae."

"Yule wa kikohozi?"

"Yule yule! Nitamwambia!"

"Tupa!"

Somoe akageuka, akatupa. Hapakusikika kra wala ti. Makuti yakafanya fyu, Panya akadaka, na jua likazama.

Wakati wa chakula Somoe akasema yote. Baba yake akakohoa. "Ehem! Nimeshusha makuti, leo nipandishe makuti? Watu watanicheka!"

Bibi akaweka tonge chini. "Mwanangu, na wewe hayo meno unayokoholea uliyapata wapi? Kwenye bati?"

Alfajiri Baba Somoe akaamka, akaenda kuomba makuti. Kwa nani? Kwa Bi Chausiku! Akamwamkia, akaomba, akapewa, na habari zikafika kisimani kabla yake. Mpaka jioni jiko likawa limeezekwa, na Panya akarudi na wanawe, mkia juu.

Siku ya saba Somoe akapitisha ulimi pengoni. Pana kitu! Kidogo, kikali, kama ncha ya sindano!

"Bibi! Limekuja la muwa!"

Ndiyo maana mpaka leo ukiona nyumba ya bati, zunguka nyuma, utakuta jiko la makuti. Na Mjusi huyo hapo, anainua kichwa na kukishusha, bado anatafuta pengo la kuchungulia.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza: usimcheke mwenye meno nawe hujamaliza kung'oka.

Hadithi yangu nimeitupa juu ya makuti. Mwenye meno aitafune, kibogoyo mwenzangu aimumunye.