Rehani ya Kidawa Mchota Maji

Hapo zamani, wakati watu wa mji wa Jumbale wakinywa maji ya kisima kimoja tu, habari ya mkopo wa hazina Kidawa aliipata kwanza kwa Bi Tatu, muuza mbaazi, naye Bi Tatu aliipata kwa wateja wake. Siku hiyo Kidawa alikuwa ameketi kizingitini, amempakata mwanawe, anamlilia punda wake aliyekufa jana yake. Bi Tatu akatua sinia, akamwambia, "Shoga, futa machozi. Sultani Shambe anakopesha riale kumi kwa kila mwenye kazi ya mikono. Unakwenda, unaeleza haja yako, unapewa."

"Unapewa hivi hivi?"

"Ndivyo alivyonadi mpiga mbiu. Ila yeye mwenyewe nilimwona kanzu yake ina viraka, sijui kwa nini hakuanza yeye kukopa."

Basi haja ya Kidawa ilikuwa kubwa. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuchota maji kisimani, kuyapakia juu ya punda na kuyauza majumbani. Na desturi ya wachota maji wa Jumbale ilikuwa hii: mwenye zamu kisimani akifiwa na punda, huwekewa zamu yake siku arubaini. Siku ya arubaini na moja asipokuja na punda mwingine, zamu hupewa mtu mwingine, wala hairudi tena. Bei ya punda ilikuwa riale kumi, na Kidawa hakuwa na hata moja.

Sultani Shambe naye alikuwa mtu mwema, na kuliko wema wenyewe alipenda kusifiwa kwa huo wema. Kila mgeni aliyefika barazani kwake alisimuliwa habari ya mkopo, na kila mgeni aliambiwa kuwa tangu mkopo uanzishwe, yapata miaka mitatu, hajatokea hata mtu mmoja aliyekopa akashindwa kulipa. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, kwa kuwa hajatokea pia hata mtu mmoja aliyekopa.

Asubuhi Kidawa akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda mpaka ofisi ya hazina, akamkuta Karani Msellem ameketi juu ya busati, mbele yake kalamu za mwanzi na sanduku la mihuri, na pembeni yake jumbe wa mtaa wa kina Kidawa, wanakunywa kahawa.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kwa ajili ya mkopo."

"Karatasi zako ziko wapi?"

"Karatasi gani, bwana? Mimi nimekuja na haja."

"Haja haitiwi sandukuni. Kwanza lete barua ya jumbe wa mtaa wako, kuwa anakujua."

Kidawa akamtazama jumbe, na jumbe akamtazama Kidawa, akasema, "Hujambo, Kidawa? Mtoto mzima? Pole kwa punda."

"Unaona, Bwana Karani, ananijua."

"Anakujua kwa mdomo," akajibu Karani. "Mimi nataka akujue kwa karatasi."

Jumbe akapuliza kahawa yake akanena kuwa barua yeye huandika Jumatatu, tena nyumbani kwake. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Basi Kidawa akangoja Jumatatu, akaipata barua, akaipeleka kwa Karani itiwe mhuri wa Sultani. Karani akamwambia kuwa ada ya mhuri ni nusu riale. Kidawa akasema hana. Karani akafikiri kidogo, akasema, "Serikali ina huruma. Utalipa kwa maji. Mitungi ya hapa ofisini unaiona, na ya nyumbani kwangu mke wangu atakuonyesha."

Ikawa kila karatasi ina ada yake, na kila ada ina maji yake, na kwa kuwa hana punda, maji yale Kidawa aliyabeba kichwani. Karani kwa upande wake aliandika ada pembeni mwa kila karatasi, karibu na mhuri, maana Sultani aliamuru hivyo ili pasiwe na karani wa kutuhumiwa wizi. Wateja wa Kidawa, walipoona hafiki kwao, wakaanza kununua kwa wengine. Na nyumbani kwa Karani Msellem watu wakawa wanaoga mara tatu kwa siku.

Baada ya barua ya jumbe ikatakiwa karatasi ya sura, yaani uso wa mwombaji uelezwe kwa maneno, asije akatumwa mtu mwingine. "Ondoa ushungi tuone masikio," akasema Karani, akaandika: masikio mawili, pua ya kadiri, kovu dogo kidevuni. Kisha ndugu yake Karani, aliyekuwa mwandishi wa ofisi, akatakiwa aandike vile vile nakala mbili, na katika nakala ya pili kovu likawa shavuni, ikabidi waanze upya.

Halafu Karani akagundua kuwa jumbe ameandika Kidawa binti Haji, na mwandishi ameandika Kidawa mjane wa Vuai. "Hawa wanawake wawili," akasema, "mimi nitamkopesha yupi?"

"Wote ni mimi, bwana. Haji ndiye aliyenizaa, na Vuai ndiye aliyenioa."

"Kadhi ndiye anayejua hayo."

Basi Kidawa akaenda kwa kadhi, akala kiapo kuwa yeye ndiye yeye, akapewa karatasi, akabeba maji.

Siku ya sita tangu aanze kubeba, Kidawa alisema, "Bwana Karani, maji haya ningeyauza, si ningefika mbali?" Karani akamjibu kwa upole kuwa mkopo hautolewi kwa watu wasio na subira, na kwamba karatasi iliyobaki ni moja. Na kila siku karatasi iliyobaki ilikuwa moja.

Ile moja ya siku ya ishirini ilikuwa karatasi ya pato.

"Utalipa kwa kazi gani?"

"Kwa kuchota maji na punda."

"Lete hati ya kuonyesha una punda."

"Bwana Karani, punda amekufa. Ndiyo maana nimekuja."

"Hilo hujalithibitisha. Lete hati ya kifo chake."

Kidawa akatafuta mashahidi watatu walioona punda akikata roho, nao wakaeleza mbele ya mwandishi rangi ya punda, umri wake, meno yake na tabia yake, hata hati ya punda ikawa nzuri kuliko ya Kidawa mwenyewe. Ilipotiwa mhuri, Karani akahesabu siku kwa vidole akasema, "Lo, barua ya jumbe imepitwa na wakati. Hukaa siku kumi na nne tu. Kaombe nyingine." Kidawa akaenda kumwomba jumbe, ambaye alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake, naye akamkumbusha habari ya Jumatatu.

Ikawa hivyo mpaka siku ya thelathini na nane tangu punda afe. Kidawa alikuwa amekonda, utosi unamuuma, na kisimani watu wameanza kuulizana ni nani atakayepewa zamu yake. Siku hiyo Karani akazipanga karatasi zake zote juu ya busati, akatabasamu, akasema, "Sasa imebaki rehani tu."

"Rehani gani tena?"

"Kitu utakachokiweka kwetu, ili ukishindwa kulipa tukiuze."

"Ningekuwa na kitu cha kuuza, bwana, ningekiuza nikanunua punda."

"Hayo kawaambie waliotunga sheria." Akafungua buku akasoma: "Rehani iwe mali ya mwombaji mwenyewe. Isiwe ya kuoza wala ya kukimbia. Thamani yake isipungue mkopo, nayo iwe imeandikwa na karani wa serikali kwa mhuri wa Sultani."

"Je, punda nitakayemnunua hafai?"

"Anakimbia. Tena tunayo hati ya kuonyesha kuwa punda wako hufa."

Kidawa akaketi chini, akamshusha mtoto ili amnyonyeshe, na mtoto, kama ilivyo kawaida ya watoto wa umri ule, akanyoosha mkono, akavuta karatasi ya kadhi akaitia mdomoni.

Karani akaruka. "Mnyang'anye mtoto hiyo karatasi. Hiyo ni mali ya riale nzima."

"Mali ya nani, bwana?"

"Yako. Nani mwingine aliyeilipia?"

Kidawa akaitoa karatasi mdomoni mwa mtoto taratibu, akaipangusa kwa kanga, akakaa anaitazama. Kisha akasema, "Bwana Karani, nisomee tena ile sheria ya rehani, polepole. Mimi mzito wa kufahamu."

Karani alipenda sana kusoma sheria, akamsomea mara tatu. Kidawa akauliza, "Na rehani hupokewa na nani?"

"Na Sultani mwenyewe, barazani, kila Alhamisi. Yaani kesho. Lakini wewe unakwenda na nini?"

"Nitakwenda na kilichopo," akasema Kidawa, akafunga karatasi zake zote ndani ya upande wa kanga, akaenda zake.

Alhamisi baraza lilijaa. Walikuwapo matajiri wa mji, na alikuwapo mgeni mmoja, balozi kutoka nchi nyingine, aliyeketi kuliani kwa Sultani na ambaye asubuhi hiyo alikwisha kusimuliwa habari ya mkopo mara mbili. Kidawa akaitwa, akaingia, akapiga goti.

"Maulana, mimi mchota maji. Nimekuja kuweka rehani ya riale kumi."

Sultani akafurahi kumwonyesha mgeni wake jambo lile kwa macho. "Weka, binti. Umeleta nini? Dhahabu? Hati ya shamba?"

Kidawa akafungua kanga, akazitandaza karatasi zake juu ya zulia, moja moja.

Sultani akakunja uso. "Hizi ni karatasi za kuombea mkopo. Rehani yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hii, Maulana. Sheria inasema iwe mali yangu, na Bwana Karani jana kanambia ni yangu kwa kuwa nimeilipia, nami nimeilipia kwa maji. Haiozi. Haikimbii. Na bei yake ameiandika mwenyewe pembeni, kwa mhuri wako. Mimi sijui kusoma, naomba asome yeye."

Sultani akamwashiria Karani asome. Karani Msellem akasoma kwa sauti nyembamba, karatasi baada ya karatasi, barua ya jumbe ya kwanza, barua ya jumbe ya pili, sura, kiapo, kifo cha punda na nyingine nyingi, na zote zilipojumlishwa zikawa riale kumi na moja na robo.

"Kumi na moja," akasema Sultani. "Binti, kwa maji hayo si ungenunua punda?"

"Kweli, Maulana. Nami nilisema hivyo siku ya sita, nikaambiwa sina subira."

Baadhi ya watu wakainamisha vichwa wafiche vinywa vyao. Sultani akaona haya, na haya ikamgeuka hasira, akasema, "Hata hivyo, hizi ni karatasi tu. Hazina thamani yoyote. Nani atazinunua?"

"Mimi sijui bei ya karatasi, Maulana, bei umeweka wewe," akajibu Kidawa. "Ikiwa karatasi yenye mhuri wako haina thamani, basi naomba mpiga mbiu atangaze hivyo mjini, nami nirudishiwe maji yangu niende."

Kisha Tajiri Badi, aliyekuwa na mashamba manne ya minazi, akakohoa, akainuka nusu. "Maulana, Mungu akuweke. Mimi mashamba yangu yote ninayashikilia kwa karatasi za mhuri huo huo. Naomba tusiharakishe kutangaza." Na matajiri wengine, kila mmoja akilikumbuka sanduku lake la hati, wakasema hata wao wanaomba pasiwe na haraka.

Wakati huo balozi, ambaye kwa kweli hakuwa na nia mbaya, akamgeukia Kidawa. "Bibi, waliokopa kabla yako, wao waliweka rehani gani?"

"Sijui, bwana. Mimi nimebeba maji ya ofisi ile mwezi mzima na zaidi, sijamwona aliyekopa."

Balozi akamtazama Sultani, na Sultani akamtazama Karani, na Karani akatazama wino wake. Ndipo Sultani Shambe alipofahamu maana ya sifa aliyokuwa akijisifia miaka mitatu. Akaanza kucheka, kwanza kicheko cha mtu aliyebanwa, halafu kicheko chenyewe, mpaka kilemba kikamlegea.

"Rehani nimeipokea," akasema. "Mhesabieni riale zake kumi, hapa hapa, nikimwona. Lakini niambie, binti, ukishindwa kunilipa mimi nitafanya nini?"

"Utaziuza karatasi, Maulana. Zina riale moja na robo ya faida."

Sultani akacheka tena, lakini safari hii kidogo. Kisha akaamuru kuwa tangu siku ile mwombaji atatakiwa karatasi moja tu, na kuwa Karani Msellem atalipa maji ya Kidawa kwa maji, mtungi kwa mtungi, kichwani kwake, mpaka deni liishe, toka kisimani mpaka nyumbani kwa yule mjane.

Karani akainama. "Nimesikia, Maulana. Amri hii ya karatasi moja, niiandike katika nakala ngapi?"

Sultani akaagiza Karani aletewe mtungi.

Asubuhi yake, siku ya arubaini, Kidawa aliingia gulioni kabla jua halijachomoza vizuri. Akachagua punda jike wa kijivu, akamfungua mdomo akatazama meno, akamtembeza hatua chache mbele na nyuma, akahesabu riale zake kumi katika kiganja cha muuzaji. Muuzaji akaridhika, akamuuliza kama angependa kuandikiwa hati ya mauziano.

"Sitaki karatasi, baba," akasema Kidawa. "Nipe kamba."

Akampitisha punda njia ya kisimani.