Mpini wa Mwakai

Zamani za babu wa babu zetu, giza lilipoutawala mlima Ighomba tangu jua kuchwa hadi jogoo wa kwanza, Kubo mhunzi, wa ukoo wa wafua chuma, alimzaa Mwakai, Mfunga Radi, Mungu amlaze pema.

Mwakai alivuka bahari akiwa mchochea makaa melini, akajifunza umeme Bombay, akasimika mitambo Glasgow na Buenos Aires, hata Jumuiya ya Wahandisi, iliyomfungia mlango mara mbili, ikamwandika katika daftari lake kuu. Huko alikula kiapo chao: fundi apandapo nguzo, mpini wa swichi kuu, ambao bila huo umeme haupiti, hung'olewa ukashikwa na mtu mmoja, wala haurudishwi mpaka mkono ulioutoa uuombe.

Akarudi, akaufunga mto uzungushe mtambo wa umeme, na hospitali ya misheni ikapata nuru. Jumuiya ilimwita mara tatu akawe mwenyekiti wake. Alijibu kwamba mlima una nguzo mia mbili na fundi mmoja.

Mwaka wa mafuriko waya ulikatika ng'ambo ya mto. Mwakai alimkabidhi mkewe Malemba mpini. "Mama Righa, huu ndio uhai wangu," alisema, akaenda. Hakurudi.

Wanaume walifuata nguzo hadi ya mwisho. Waya ulikuwa umeungwa, glavu zake zinaning'inia, na chini mto umekula ardhi. Wakamwomba Malemba mpini, akakataa. Siku tisa aliukumbatia kifuani.

"Shemeji, unamlinda maiti?" akauliza Mwandoe, mdogo wa Mwakai.

"Nionyeshe huyo maiti, nami nitakupa."

Siku ya kumi alikuja mkunga. Hakuomba kitu. Alisema tu kwamba binti wa Mwandoe yuko mezani hospitalini, mtoto amekaa vibaya, na daktari hawezi kupasua kwa taa ya mafuta.

Malemba alijua kwamba kuwasha ni kukiri, kwa mkono wake mwenyewe, kuwa hakuna mtu tena juu ya waya ule. Akaenda mtamboni, akapiga magoti, akasali kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha mpini mahali pake.

"Mwakai, ondoa mkono. Nawasha."

Mtoto alipolia hospitalini, Malemba naye akalia, kwa mara ya kwanza.

Jumuiya ilipoandika kuuliza tarehe ya kifo, alimwagiza katekista ajibu kwamba yeye Malemba haijui. Na katika daftari lao jina lile halina tarehe ya mwisho. Nasi wa Ighomba, hadi leo, hatuwashi taa kabla ya kusema polepole, "Mwakai, ondoa mkono."

Kisha tunangoja kidogo.