Kicheko cha Sekunde Tisa

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura na fisi, ni juzijuzi tu wakati kaseti zinatuaga na intaneti inauzwa kwa dakika, palikuwa na mwanamke mmoja wa Bukoba, jina lake Kemilembe. Aliuza mitumba sokoni. Makoti yake yalisifika, ulimi wake ulisifika zaidi, na tabia yake ya kutomwamini mtu ilisifika kuliko vyote viwili. Ukimwambia "habari za asubuhi," anakutazama kwanza, anajiuliza unataka nini.

Sasa, wauza mitumba wa soko lile wana sheria yao: cha mfukoni ni cha mfunguaji. Anayekata kamba za belo, lile robota la nguo, ndiye mwenye kila kitakachokutwa mifukoni. Kiwe kitana, kiwe funguo za nyumba isiyojulikana, kiwe pete ya dhahabu, hakuna mjadala. Siku moja Kemilembe alikata kamba za belo la makoti mazito ya kutoka Ulaya, akapapasa mfuko wa ndani wa koti jeusi, akatoa kaseti. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, maneno asiyoyajua.

Akaipeleka kwa Ta Mutalemwa, fundi redio wa palepale sokoni; "Ta" kwa Wahaya ni baba, na "Ma" ni mama. Huyu alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, asiyetupa kitu. Hata skrubu iliyokatika kichwa, yeye anaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Akaisikiliza kaseti asubuhi ile peke yake, kisha akamwita Ma Kokugonza aje asaidie kuelewa. Kokugonza alikuwa amepika miaka kumi na miwili jikoni kwa Sista Ingegerd, muuguzi Mswidi wa misheni, na Kiswidi alikiokota humohumo kati ya sufuria na sufuria.

Mchana ule wakakaa watatu mbele ya redio. Wimbo wa kwanza magitaa yalinguruma. Wa pili yakanguruma zaidi. Wa tatu ukaanza taratibu, gitaa moja tu, halafu kijana akapiga yowe. Ebo! Si yowe la mchezo. Lilitoka tumboni, likapanda, likavunjika, likapanda tena.

"Huyu analilia nini?" Kemilembe akauliza.

Kokugonza akamtazama Mutalemwa. Mutalemwa akamtazama, kisha akaitazama bisibisi yake.

"Analilia mtoto wake," Kokugonza akasema. "Amemzika."

Hapo inabidi niwaambie jambo. Miezi minane kabla ya siku hiyo, Kemilembe alimzika binti yake wa pekee, Bilungi, na hakutoa chozi. Si msibani, si makaburini, si baada ya matanga. Watu walisema mengi, mnawajua watu. Basi siku ile, dukani kwa fundi, Kemilembe akainamisha kichwa kwenye meza yenye nyaya na risasi ya kuchomelea, akalia mpaka kilemba kikamdondoka.

Wimbo ulipokaribia mwisho Mutalemwa akairukia redio. "Inatafuna mkanda!" Tap, akazima. Kesho yake akarudisha kaseti. "Nimekata kipande kilichotafunwa, nikaunga."

Kemilembe akakumbuka wale wawili walivyotazamana. Akaushika utepe penye kiungo, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa umenyooka huku na huku, hauna hata kunyanzi moja. Mkanda uliotafunwa gani huo? Akaliweka moyoni.

Tangu hapo wakawa watatu wa kukaa pamoja. Wenzao Jumamosi ilikuwa ya mpira. Wao Jumamosi ilikuwa ya Uswidi. Kokugonza alikwenda kwenye intaneti, akarudi na karatasi zilizochapishwa. Wakajua bendi zote za kule kaskazini kwenye theluji. Wakajua indi, wale wanaoimba kama wananong'ona na mtoto amelala, na wakajua posti-hadikoo, wale wanaoimba kama nyumba inaungua. Mutalemwa alichora ukutani nani alitoka bendi gani akaingia bendi gani, mistari ikavukana mpaka dirishani. Wakagombana juu ya wapiga ngoma ambao hawajapata kuwaona. Mji ukawapa jina: Waswidi wa Bukoba. Lakini kila Jumamosi walifunga na ile kaseti ya Kemilembe, wimbo wa tatu, naye akimlilia mwanawe kila safari.

Mwaka wa nne Kokugonza akaingia dukani anahema. Bendi ya kaseti ile, jina lake Nionde Trappan, yaani Ngazi ya Tisa, inatafuta kaseti yake ya kwanza! Walitengeneza thelathini tu, chumba chao cha mazoezi kikafurika maji, zote zilizokuwamo zikaharibika. Dunia nzima wanaitafuta, nayo iko Bukoba kwenye sanduku la makoti.

Wakatengeneza nakala kwenye sidii, wakaituma. Baada ya wiki sita ikaja barua, kurasa mbili zilizojaa, na fomu moja. Kokugonza akasoma kimoyomoyo. Uso ukambadilika. Akampa Mutalemwa karatasi, kana kwamba Mutalemwa anajua Kiswidi!

"Wanasemaje?" akauliza Kemilembe.

"Wanasalimu. Watatoa santuri. Na wana desturi yao: kila santuri hubeba nyuma yake jina moja, la mtu ambaye bila yeye santuri isingekuwepo. Si mawili, si matatu. Jina moja. Tulijaze kwenye fomu hii."

"Kurasa mbili, salamu tu?"

"Wazungu wanasalimu sana, Ma Kemi."

Haya. Jina la Kemilembe duniani liliandikwa mahali pawili tu: kwenye cheti chake cha ubatizo, na kwenye msalaba wa Bilungi, *binti wa Kemilembe*. Alitamani liandikwe mahali pa tatu, mahali pa furaha, alitamani mpaka usingizi ukapungua. Na mwenye Kiswidi alikuwa nani? Kokugonza. Mwenye kalamu nani? Kokugonza. Kikulacho ki nguoni mwako, Kemilembe akajiambia, na kuhusu nguo hakuna wa kumfundisha. Wenzake walipogeuka kuchemsha chai, akaichomoa barua, akaikunja kwenye pindo la kitenge, akaaga kwamba anaumwa tumbo.

Alikwenda moja kwa moja misheni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Ninaumwa barua. Nisomee yote, usiruke hata nukta."

Sista Ingegerd akavaa miwani. "Wanashukuru sana. Wanasema wimbo wa tatu, ule wa chumba cha kufulia..."

"Wa nini?"

"Chumba cha kufulia. Kwetu watu wanaokaa nyumba za ghorofa wana mashine moja ya kufulia chini, na kila mtu ana zamu yake. Kumchukulia mtu zamu ni jambo baya sana. Wimbo unahusu jirani aliyemchukulia kijana zamu, akamtupia soksi zake sakafuni, zikiwa mbichi."

Kemilembe akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. Miaka mitatu na zaidi! Miaka mitatu na zaidi amemlilia Bilungi wake kwa wimbo wa soksi!

"Niendelee?" akauliza Sista.

"Endelea."

"Wanasema baada ya wimbo huo mpiga ngoma, Jesper, aliangusha fimbo, akacheka. Wote wanakumbuka. Lakini kwenye nakala yenu kicheko hakipo. Sekunde kama tisa hazipo. Jesper amefariki. Mama yake hana sauti yake mahali popote. Wanauliza, je, mkanda ulikatwa? Kipande kipo?" Sista akavua miwani. "Basi. Halafu ni habari ya jina moja la nyuma ya santuri, na salamu."

Kemilembe alirudi sokoni mbio. Wenzake walikuwa wameipekua meza yote wakiitafuta barua. Akaibandika mezani kwa kiganja.

"Soksi!" akasema.

Chai ikapoa.

"Nyie watu! Nilijua. Tangu siku ile mlipotazamana nilijua mnanificha. Kokugonza, umenidanganya juu ya mtoto wangu!"

Kokugonza akaanza kulia. "Ulikuwa hujalia, Ma Kemi. Miezi minane unauza makoti na macho makavu. Tulikuwa tunakuogopea. Uliponiuliza, jibu likanitoka tu. Na ulipolia, ningeanzaje kukwambia ni soksi?"

"Na wewe, Ta Mutalemwa? Mkanda ulitafunwa na nani?"

"Na mkasi wangu," akasema Mutalemwa. "Nilikuwa nimeshaisikia asubuhi. Nilijua mwishoni kuna mtu anacheka. Ningekuachaje ulie, halafu uchekwe?"

Akapanda kiti, akateremsha kopo la maziwa ya unga, akamwaga skrubu zote mezani. Chini kabisa palikuwa na kiberiti. Ndani ya kiberiti, utepe wa kahawia, umeviringwa vizuri.

"Sikutupa," akasema. "Lakini kaseti ni yako, sheria ya soko inajulikana. Nikiunga, wimbo wako hautakuwa tena ule. Kila ukilia, mwisho mtu atacheka. Ukisema niache, naacha. Ukisema nichome, nachoma. Uswidi tutawaambia kipande kilipotea."

Kemilembe aliwatazama kwa zamu. Hasira ilikuwa bado imemjaa. Aliutaka wimbo wake, jamani, ubaki ulivyokuwa, uongo na yote.

"Bilungi hakuniachia hata 'shikamoo, mama' kwenye mkanda," akasema mwishowe. "Ningekuwa nimeambiwa iko kwenye kopo la mtu Ulaya, ningekwenda kwa miguu. Unga."

Mutalemwa akaunga. Wakakaa kama zamani, watatu, mbele ya redio. Yowe likapanda, likavunjika, likaisha. Fimbo ikaanguka, ko, ko, ko. Na kijana akacheka kicheko cha mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari.

Kemilembe hakulia.

"Rudisha," akasema. Wakarudisha mara tatu.

Sasa mngedhani wameshikana mikono wakapatana. Thubutu! Fomu ilikuwa bado mezani, na ugomvi ukaanza upya.

"Jina langu," akasema Kemilembe. "Mimi nilikata kamba, mimi nilipapasa mfuko. Bila mimi koti lingeuzwa na kaseti ikaozea mvuani. Na kicheko nimekitoa mimi, nikakubali kuupoteza wimbo wangu."

"Uliiba barua," akasema Kokugonza. "Miaka yote tumekaa nawe, ukatudhania wezi wa jina! Jina langu mimi. Bila mimi nani angewajua wenye kaseti? Mimi nilisoma, mimi nilitafuta, mimi niliandika. Mimi ndiye niliyewapata."

"Uliwapata, halafu ukawaficha," akasema Kemilembe. "Kama si mimi kuiba, ungesoma salamu mpaka leo, na mama yule angengoja mpaka afe."

"Jina langu," akasema Mutalemwa, nao wakashtuka, maana hakuwa na kawaida ya kuomba. "Nilikata, kweli. Lakini mikono yangu ndiyo iliyokitunza. Fundi mwingine angekifagia. Nimekitunza bila kujua ni cha nani."

"Ulikikata wewe!" wakamjibu wote wawili. "Mtu akivunja mguu wa mbuzi akaufunga, apewe mbuzi?"

"Na ningeacha kukata," akasema Mutalemwa taratibu, "Ma Kemi angelia wapi?"

Wote wawili wakaishika kalamu kwa pamoja.

Na ndivyo walivyo mpaka sasa ninapowasimulia. Fomu ina mstari mmoja, posta inafungwa saa kumi, na kalamu inazungushwa mezani, kila anayeishika anaangaliwa vidole. Santuri ikitoka, mama yake Jesper ataisikia fimbo ikianguka na mwanawe akicheka. Halafu ataigeuza nyuma, apate mtu wa kumshukuru.

Nyie mliokaa kimya mkijifanya mnafikiri, nawashuku mmeshachagua. Basi semeni. Aliyeokota kaseti akashuku na kuiba barua, aliyekata kicheko akakitunza kwenye kopo, au aliyedanganya akawatafuta wenye kaseti: je, ni nani aliyestahili jina lake lisomwe na mama yule?