Kijiko cha Marehemu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana umeme ulikuwepo na wapangaji waliununua kwa zamu, aliishi Pangani mjane mmoja, Bi Mwanakheri. Kwenye korido ya nyumba yake palikuwa na boksi la fyuzi alilolifunga marehemu mumewe kwa mkono wake. Fyuzi ilipozidi kukatika, marehemu aliing'oa, akachomeka mpini wa kijiko cha chai. Basi! Haikukatika tena miaka kumi na tisa.

Bi Mwanakheri alikionea fahari kijiko kile. "Kwenu umeme unakatika kila saa," aliwatambia majirani. "Kwangu? Thubutu!" Boksi likinuka, alichoma udi. Likivuma, aliongeza sauti ya redio. Mwishowe akalitia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Kila Ijumaa akitoka msikitini, fundi Mbaruku alipita.

"Shangazi, boksi hili litawaua."

"Alilifunga marehemu."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana nasema limezeeka."

"Hebu nenda zako! Unatafuta kazi tu wewe."

Mbaruku akaenda zake, na Ijumaa ya pili akarudi.

Chumba cha tatu alikaa Somoe, mkaanga bagia. Majiko ya umeme ya koili yalikatazwa nyumba ile, kwa hiyo yeye alikuwa nayo mawili, na mlango anaufunga. Jirani yake alikuwa Mwalimu Hoza. Zamu ya kununua umeme ilikuwa yake, na siku ya tatu hiyo alikuwa anaikwepa. Mara simu haina chaji, mara mtandao unasumbua.

Ijumaa moja mchana, Zamda, mjukuu wa Bi Mwanakheri, mtoto wa miaka mitatu, amelala chumba cha mwisho chenye dirisha la nondo, boksi likalipuka paa! Korido ikajaa moshi. Bi Mwanakheri akafanya lile tunalolifanya wengi wetu tukiona moto: akabeba ndoo ya maji akalimwagia. Waya ukakatika, ukaangukia majini, ukawa unarukaruka na kutema cheche. Ng'ambo ya maji yale Zamda akaamka. "Bibi! Bibi!"

Bibi akataka kukimbia. Mbaruku, ndiyo kwanza anaingia na kanzu yake, akamdaka kanga.

"Ukikanyaga umekufa, shangazi!"

"Niache nife! Jamani, atakayenitolea mtoto wangu, chumba cha mbele chake, bure, mpaka naingia kaburini!"

Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, kina madirisha mawili, na hakuna mpangaji asiyekimezea mate. Lakini nani aingie? Mara Somoe akachomoka chumbani mwake, mikono imejaa unga, akapita majini peku, chwa chwa chwa! Watu wakafumba macho. Walipoyafumbua, Somoe huyo anarudi na Zamda kiunoni, mzima wa afya.

Hapo ndipo mtu alipoitazama mita ya nje. Umeme ulionunuliwa ulikuwa umekwisha. Ulikatika wenyewe, cheche zikazima, muda mfupi tu kabla ya Somoe kutia mguu.

"Mimi sikujua," akasema Somoe. "Nilijua nakwenda kufa. Chumba ni changu."

"Koili za nani zilizoliunguza boksi?" akafoka Mbaruku. "Mwaka mzima nasema! Na nilipomshika shangazi, umeme ulikuwepo. Nisingemshika, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

Mwalimu Hoza akakohoa. "Kwa heshima zenu. Zamu ilikuwa ya nani? Yangu. Ningenunua juzi kama mlivyokuwa mnanipigia kelele, Somoe angekuwa maiti, na mtoto yumo ndani."

Watu wakatamani kumzaba kibao.

Bi Mwanakheri alimkumbatia mjukuu wake, machozi yanamtoka. Alijua ni nani aliyetia kufuli, na nani aliyemwaga maji. Zamda akanyoosha kidole ukutani.

"Bibi, kijiko cha babu kimeungua."

Bibi akafungua pindo la kanga. Mle mlikuwa na funguo mbili. Ule wa boksi akamtupia Mbaruku pale pale, bila kubishana. Wa chumba cha mbele ukabaki kiganjani, na mikono mitatu, wa Somoe, wa Mbaruku na wa Mwalimu, imenyooshwa mbele yake.

Haya, enyi mlioketi hapa, hodari wa kuhukumu nyumba za wenzenu: ufunguo ule angempa nani?