Kwa Nini Waseru Huzika kwa Neno Moja

Zamani, kabla chumvi haijafika milimani, Waseru hawakuzika kimya. Maiti alipoteremshwa kaburini, mtu mmoja alimwelekeza njia: avukie wapi, amsalimie nani, ajitaje kwa jina gani huko kwa wahenga. Maneno hayo yalikuwa ya Kiseru. Aliyatunza mwanamke mmoja, akamrithisha binti yake, naye akamrithisha wake.

Zamu ilipofika kwa Nyamizi, wauza chumvi walikuwa wamekwisha kuja na lugha yao. Aliyeijua alihudumiwa mapema. Asiyeijua alichekwa mpaka soko likavunjika. Basi wazazi wakaacha kuwasemesha watoto wao Kiseru, wakisema wanawaepushia aibu.

Kalunde, binti pekee wa Nyamizi, aliisema lugha ya chumvi kuwashinda wauzaji wenyewe. Kila mama yake alipomwita akae ajifunze, alikuwa na safari ya sokoni.

"Kaa, mwanangu. Ni maneno ya asubuhi moja tu," Nyamizi alimwambia.

"Kesho, mama. Na nitamwambia nani? Hata wajukuu zako hawayaelewi."

"Si ya walio hai hayo."

Kesho hiyo haikufika. Masika yale Nyamizi alishikwa na homa, na siku ya tatu ulimi ukawa mzito. Kalunde alimwinamia, akamsihi aseme. Midomo ilicheza, ikatoka pumzi tu.

Kaburini watu wote walimgeukia Kalunde. Alilikumbuka neno la kwanza, lile la kumwita marehemu, akalitamka. La pili halikuja. Akajaribu kwa lugha ya chumvi: "Safari njema, mama." Akajisikia kama anayemuaga mteja, akanyamaza. Mzee Igulu, kaka wa marehemu, alingoja hata jua likawa la utosi. Mwisho akasema, "Mfukieni. Atauliza njia mwenyewe."

Kalunde akapiga magoti, akausukuma udongo kwa mikono yake. Miaka iliyobaki aliimaliza akizunguka kwa vikongwe, akiokota maneno. Alipata manne, nayo hayakuungana.

Na tangu siku hiyo, Waseru humwita maiti wao kwa neno lile moja, kisha hunyamaza. Wageni huusifu ukimya huo, wakidhani ni heshima. Waseru hawawasahihishi. Hufukia upesi, vichwa chini, kwa maana wanajua kuwa aliyeitwa ameitika, na sasa amesimama huko akingoja kuelekezwa.